GEUZA SHATI NDANI NJE
Mazungumzo kwa walaji wa wilaya za Tarime na Serengeti kuhusu vitambaa, mikato na ushonaji wa mashati ya kiume



Mada tuliyoileta mbele yenu ni shati la kiume. Huenda wapo watakaoiona mada hii kuwa nyepesi, kwa kuwa kila mtu amevaa shati na kila mtu anadhani analijua. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Shati ni miongoni mwa bidhaa ambazo karibu kila kaya hununua mara kwa mara: shati jeupe la mwanafunzi anayeanza muhula mwezi Januari, shati la bwana harusi, la mlinzi, la mwalimu, la mwanakwaya na la kijana anayekwenda kuomba kazi. Fedha ya kulinunulia hutoka katika debe la mahindi, katika kahawa, katika pamba au katika mbuzi aliyepelekwa mnadani. Shati hilo likichanika kwapani kabla ya muhula kwisha, mzazi hulazimika kununua tena, na mtoto hukaa darasani akiona haya kuinua mkono.

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilihutubia bunge la nchi yake kwa maandishi, akataja haki nne za mlaji: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo maana dunia huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya haki za mlaji. Leo tunashughulika hasa na haki ya pili, yaani taarifa. Mlaji asiyejua anachokitazama hawezi kuchagua, hubahatisha tu.

Neno letu kubwa ni hili moja: kabla ya kulipa, ligeuze shati ndani nje. Upande wa nje umetengenezwa ili upendeze macho. Hupigwa pasi, hutiwa wanga, hukunjwa juu ya karatasi ngumu na kufungwa kwa pini. Upande wa ndani ndio unaosema ukweli kuhusu uzi, mshono na bidii ya aliyelishona. Ili kuuelewa ukweli huo, hatuna budi kulitazama shati katika mambo matatu: kitambaa, mkato na ushonaji.

Kitambaa

Kila kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, ambazo hukimbia kwa urefu wa jora, na mshindio, ambazo hupita kwa upana. Uimara wa shati huanzia hapo. Inua kitambaa kuelekea mwanga. Ukiona nyuzi zimekaa karibu karibu na kwa usawa, kitambaa kimefumwa vizuri. Ukiona mianya mingi, au sehemu nene na nyembamba zikipishana bila mpango, jua kwamba kitalegea mapema. Kisha sugua sehemu moja kwa vidole. Kikitoa unga mweupe na kulainika, ulichokuwa unakishika ni wanga, nao utaondoka katika ufuaji wa kwanza.

Pamba haihitaji kutambulishwa katika mkoa huu. Wakulima wa Serengeti na majirani zao wa Bunda wanaijua tangu kupanda hadi kuchuma, na Musoma palijengwa kiwanda cha nguo cha MUTEX kwa sababu malighafi ilikuwa karibu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi tu, na nguo tunazozinunua nyingi hutoka mbali. Kwa hiyo mkulima aliyeichuma pamba kwa mikono yake anaweza kusimama dukani asijue kama shati alilolishika ni la pamba au si la pamba. Tungependa hali hiyo ikome.

Pamba hunywa jasho. Katika hewa ya kawaida hubeba unyevu unaofikia takriban asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifikishi hata asilimia 1. Ndiyo sababu shati la pamba humpumzisha mvaaji wakati wa jua, na la poliesta tupu humnatia mgongoni. Lakini pamba ina gharama zake: hukunjamana, hukawia kukauka, na isipotayarishwa vizuri kiwandani hurudi, yaani hupungua kipimo baada ya kufuliwa.

Poliesta hutengenezwa kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Ni imara, haikunjamani upesi, na hukauka haraka. Hubeba harufu ya jasho kwa muda mrefu zaidi, na haipendi moto mkali. Pasi ya mkaa iliyowaka sana huweza kuifanya ing'ae, ijikunyate au iyeyuke. Mchanganyiko unaoonekana mara nyingi katika mashati ya sare ni asilimia 65 ya poliesta na asilimia 35 ya pamba. Kwa mwanafunzi wa bweni anayefua mwenyewe na asiye na pasi karibu, mchanganyiko huo una maana. Kwa mtu anayeshinda juani, pamba ina faida kubwa zaidi.

Viskosi, ambayo wengine huiita reyoni, hutokana na miti. Ni laini, hushuka vizuri mwilini na hutumika sana katika mashati yenye maua. Udhaifu wake ni kwamba ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ukiikamua kwa kuisokota utaiharibu.

Zipo namna kadhaa za ufumaji zinazofaa kujulikana. Popolini ni nyororo na bapa, na ndiyo ya mashati mengi ya ofisini na ya shule. Oksifodi ina chembechembe ndogo zinazoonekana kama kikapu. Ni nzito kidogo na huvumilia. Drili na jinzi zina mistari ya mshazari. Hizo ni za kazi. Flana ina manyoya laini na hufaa asubuhi za baridi katika milima ya Tarime. Kitenge cha pamba hutoa shati zuri la sherehe, mradi fundi aoanishe maua ya upande mmoja na ya upande wa pili.

Utajuaje ni pamba au poliesta kama lebo haipo? Jaribio la kwanza ni la ngumi: kunja kona ya kitambaa katika ngumi, uhesabu hadi 20, kisha uachie. Pamba itabaki na makunyanzi, poliesta itajinyoosha. Jaribio la pili ni la tone la maji: pamba isiyotiwa dawa hulinyonya upesi, poliesta hulikawiza juu. Jaribio la tatu ni la moto, nalo lifanywe nje ya nyumba, kwa uzi mmoja tu ulioshikwa kwa koleo, mbali na watoto. Uzi wa pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na huacha majivu laini ya kijivu. Uzi wa poliesta hujikunyata mbele ya moto, huyeyuka, na huacha punje ngumu. Ukipata majivu pamoja na punje, kitambaa hicho ni mchanganyiko. Jaribio hili ni la kitambaa chako ulichokwisha kukinunua au la uzi uliopewa na muuzaji kwa hiari yake. Halifanywi ndani ya duka la mtu.

Punje hiyo ngumu ina fundisho la usalama. Anayechomelea vyuma, anayepika kwa moto mkubwa, na anayefanya kazi kwenye cheche huko migodini, asivae shati la poliesta. Cheche ikiangukia pamba nzito huitoboa au kuiunguza. Ikiangukia poliesta huiyeyusha, na kilichoyeyuka hunatana na ngozi. Vilevile, kwa wanaofanya kazi ndani na kandokando ya Hifadhi ya Serengeti, rangi ya shati ni jambo la afya. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Shati la mikono mirefu la rangi ya kaki au ya udongo lina busara zaidi huko.

Mkato

Mkato ni namna kitambaa kilivyogawanywa ili kuufuata mwili. Watu wengi huuchukulia kuwa ni jambo la urembo. Urembo umo, lakini mkato pia huamua shati litaishi muda gani. Shati linalobana huvuta mshono kila mvaaji anaponyoosha mkono, na mshono unaovutwa kila siku hatimaye huachia.

Alama za herufi, S, M, L na XL, hazina kipimo kimoja duniani. L ya kiwanda kimoja huweza kuwa M ya kingine. Kipimo cha kola kwa inchi au sentimeta kinaaminika zaidi: inchi 15 ni takriban sentimeta 38, na inchi 16 ni takriban sentimeta 41. Mwombe fundi akupime shingo, mabega, kifua na urefu wa mkono, uviandike vipimo hivyo kwenye karatasi na kuihifadhi. Karatasi hiyo itakusaidia hata unapomnunulia mtu asiyekuwapo.

Ukilijaribu shati, tazama mambo haya. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa mwisho wa bega, usianguke kwenye mkono wala kupanda shingoni. Kola ikifungwa, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Inua mikono yote miwili kama anayepanga mzigo darini: shati la kuchomekea lisichomoke lote. Kaa chini: vifungo vya tumboni visifungue midomo. Mkono mrefu ufike kwenye kifundo cha mkono.

Mikato mikuu ni mitatu: mpana, wa kati, na wa kubana. Mpana huwa na rinda moja au mawili mgongoni chini ya kipande cha mabega, nalo humpa mvaaji nafasi ya kuinama na kunyoosha mikono. Huo ndio mkato wa kazi. Wa kubana huondolewa marinda na kuingizwa mikunjo miwili mirefu mgongoni. Hupendeza katika picha, lakini si wa kulimia wala wa kupakilia magunia. Kwa mtoto anayekua, nunua mkato wenye nafasi, na utazame kama upindo wa chini na wa mikono una akiba ya kuachiliwa.

Kumbukeni pia hesabu ya kurudi kwa kitambaa. Kola ya sentimeta 40 ikipungua kwa asilimia 3 tu, imepoteza sentimeta 1.2. Shati lililokukaa barabara dukani halitafungika shingoni baada ya kufuliwa mara mbili. Kwa pamba tupu isiyo na maelezo yoyote, acha nafasi kidogo. Ukipeleka kitambaa cha pamba kwa fundi, kiloweke na kukikausha kwanza, ndipo kikatwe.

Kasoro moja ya mkato hufichika sana. Vipande vikikatwa pasipo kufuata mtande, ili kubana matumizi ya kitambaa, shati hujipinda baada ya kufuliwa: mshono wa ubavu huhamia tumboni. Kwa shati la mistari au la drafti kasoro hiyo ni rahisi kuiona. Mistari ishuke wima, na ya mfukoni ikutane na ya kifuani. Kwa shati la rangi moja, likunje katikati kwa urefu. Mshono wa kulia na wa kushoto ilale sambamba.

Ushonaji

Sasa tugeuze shati ndani nje. Anzeni kwa kuhesabu mishono. Weka utepe wa kupimia juu ya mshono wa ubavuni na uhesabu hatua za uzi katika inchi moja. Zikiwa 12 au zaidi, kazi ni nzuri kwa shati la kawaida. Zikiwa chini ya 8, shati limeshonwa kwa haraka, na haraka haraka haina baraka. Kisha shika kitambaa pande zote mbili za mshono na uvute taratibu. Mshono usifungue meno.

Tazama kingo. Katika shati la daraja la juu, kingo za kitambaa hukunjwa na kufichwa ndani ya mshono, na huonekana mistari miwili ya uzi. Katika shati la kawaida, kingo huzungushiwa uzi kwa mashine ya ovaloki. Njia zote mbili zinakubalika. Isiyokubalika ni kingo iliyoachwa wazi, ikitoa nyuzi. Hiyo itafumuka hadi ifike kwenye mshono.

Kola ndiyo uso wa shati. Ndani yake huwekwa kitambaa kigumu, ambacho mara nyingi hubandikwa kwa gundi na joto. Gundi ikiwa mbovu, kola huota mapovu baada ya kufuliwa na haipigiki pasi tena. Ibinye kwa kidole gumba na cha shahada, kisha uisugue: ukisikia matabaka mawili yakiteleza na kuachana huku yakitoa mlio wa karatasi, iache. Ncha mbili za kola zilingane kwa urefu. Ikunje katikati uthibitishe.

Vifungo vivutwe kimoja kimoja kwa upole. Kifungo chenye matundu 4 kilichoshonwa kwa uzi wa kutosha hudumu kuliko cha matundu 2 kilichoshikwa kwa uzi mmoja. Tundu la kifungo lizungukwe na uzi uliosongamana, bila nyuzi zinazochungulia katikati. Kona za juu za mfuko, na mahali mkono unapopasuliwa karibu na kifundo, pashonwe kwa kurudia, maana hapo ndipo mpasuko huanzia. Kifungo cha akiba kilichoshonwa ubavuni ni dalili kwamba aliyelitengeneza shati hilo alilitarajia lidumu.

Dukani, kwenye mitumba na kwa fundi

Katika wilaya zetu shati hupatikana kwa njia tatu, na kila njia ina tahadhari yake.

Shati jipya la dukani huja na lebo. Soma asilimia za nyuzi na alama za utunzaji. Nukta moja ndani ya alama ya pasi ni joto la chini. Nukta mbili ni joto la kati. Nukta tatu ni joto la juu. Lebo ya jina maarufu si ushahidi wa ubora. Jina kubwa lenye herufi zilizokosewa, bei ya chini isiyoelezeka, na lebo iliyoshonwa juu juu ni dalili za bidhaa bandia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: anayekusifia jina asikuzuie kutazama mshono.

Mitumba ni biashara halali, na imevisha watu wengi kwa heshima, ingawa nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku nchini kwa sababu za kiafya. Shati la mtumba lina faida ambayo hutajwa kwa nadra: limekwisha kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo kurudi kwake kumekwisha kutokea, na mshono wake umekwisha kujaribiwa. Tahadhari yake ni uchakavu. Tazama mkunjo wa kola, viwiko, kwapa na ncha za mikono, kisha uinue mgongo kwenye mwanga kutafuta mahali palipokonda. Doa la njano kwapani haliondoki kirahisi. Na hata likionekana safi namna gani, lifue kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu, ulianike juani na kulipiga pasi kabla ya kulivaa.

Kwa anayekwenda kwa fundi, hesabu huanzia kwenye duka la vitambaa. Uliza upana wa jora kabla ya kuuliza bei ya mita. Shati la mikono mirefu la mtu mzima wa umbo la kawaida huhitaji takriban mita 2 na robo za kitambaa cha upana wa inchi 45, lakini mita 2 au pungufu kidogo za kitambaa cha inchi 60. Kwa hiyo mita ya bei nafuu yenye upana mdogo huenda isiwe nafuu. Kitambaa kipimwe kwa mita iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kikiwa kimelazwa bila kuvutwa. Kipimo cha urefu wa mkono wa muuzaji si kipimo.

Kwa fundi, pataneni kwa maandishi hata kama mnafahamiana: aina ya kola, mikono, idadi ya mifuko, bei, malipo ya awali, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Semeni pia mabaki ya kitambaa ni ya nani. Karatasi hiyo haimaanishi kwamba humwamini fundi. Humlinda yeye kama inavyokulinda wewe.

Wanaonunua Sirari, ama upande wa pili wa mpaka, Isebania, wakumbuke kwamba malalamiko yanayovuka mpaka ni magumu kuyafuatilia. Hapo ukaguzi kabla ya kulipa una thamani maradufu.

Mnaponunua kwa pamoja

Tunapenda kuwatahadharisha kwaya, vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za harusi na kamati za shule. Mnapoagiza mashati 30 au 100 kwa mkupuo, kasoro moja hujirudia mara 30 au 100. Kwa hiyo ombeni kwanza shati moja la mfano. Lipimeni, lifueni mara 3, lipigeni pasi, kisha mlipime tena. Likiridhisha, litiwe saini na pande zote mbili na lihifadhiwe kwa mwenyekiti. Mzigo ukifika, fungueni mashati kadhaa kutoka juu, katikati na chini ya robota, myalinganishe na mfano. Malipo ya mwisho yafuate ukaguzi, wala yasiutangulie.

Bei na thamani

Mtatuuliza: haya yote ni ya wenye fedha, sisi tutafanyaje? Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Tuseme shati moja linauzwa shilingi 12,000 na linavaliwa mara 30 kabla ya kuchakaa. Kila siku ya kulivaa imegharimu shilingi 400. Jingine linauzwa shilingi 30,000 na linavaliwa mara 150. Kila siku imegharimu shilingi 200. Aliyenunua la bei ndogo amelipa mara mbili. Lakini hesabu hii hugeuka pia: shati la shilingi 30,000 lenye mishono 7 kwa inchi ni hasara kubwa kuliko yote. Bei peke yake haisemi lolote. Mwenye kipato kidogo ndiye hasa anayehitaji kuligeuza shati ndani nje, kwa sababu hana fedha ya kununua mara ya pili.

Utunzaji nao huongeza siku hizo. Fua mashati meupe mbali na ya rangi. Usizidishe jiki, maana hula nyuzi za pamba. Sugua kola kwa sabuni na kiganja, wala si kwa jiwe. Anika shati la rangi likiwa limegeuzwa, ili jua lisilipaushe. Shona kifungo kinacholegea leo, kabla hakijapotea kesho.

Haki na wajibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti, na uitunze. Ukigundua kasoro, usilifue wala kulivaa tena shati hilo. Lirudishe mapema ukiwa na risiti, na uzungumze na muuzaji kwa adabu. Wafanyabiashara wengi hupenda kumbakiza mteja. Kibao kinachosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi kinaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo tu, lakini hakihalalishi udanganyifu. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyekuuzia poliesta akikuapia kwamba ni pamba tupu amevunja sheria.

Ikishindikana kwa mazungumzo, lipo pa kulipeleka. Udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Viwango vya ubora, Shirika la Viwango Tanzania. Mita isiyo sahihi, Wakala wa Vipimo. Ofisi ya biashara ya halmashauri yenu, Tarime au Mugumu, itawaelekeza pa kuanzia.

Mlaji naye ana wajibu. Asirudishe shati aliloliunguza mwenyewe kwa pasi. Asimwangushe fundi kwa kutokwenda kulipa. Na akipata muuzaji mkweli, amtaje kwa wengine, maana soko huwatunza wakweli pale tu wanunuzi wanapowatambua.

Tunawaachia maswali matano ya kujiuliza mbele ya kila shati. Je, ni nyuzi gani, na zinafaa kazi na hali ya hewa ya mvaaji? Je, linamkaa akiwa amesimama, amekaa na ameinua mikono? Je, mishono ni mingapi katika inchi moja? Je, kola na vifungo vimeshikwa sawasawa? Je, risiti iko wapi? Ukaguzi wote huo hauchukui zaidi ya dakika 5. Muuzaji mwema hatakukimbiza, na anayekukimbiza amekwisha kukujibu.